Tulivyowapita Walinzi wa Nyuma wa Pearland

Jumapili, alasiri. Mawingu, upepo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini joto la Texas limelegeza mkono. Mapaja yananiuma kiasi kwamba leo asubuhi nimeteremka ngazi kinyumenyume nikishikilia ukuta. Mume wangu alinitazama kutoka jikoni, akarudi kwenye chai yake. Amenizoea.

Nina furaha. Naliandika hilo mapema kwa sababu mwaka jana, baada ya wikendi kama hii, niliandika hapa sentensi mbili tu: Tumeshindwa tena. Sitaki kuongea.

Leo nataka kuongea.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Mshai, nesi wa wagonjwa wa figo, mwenyeji wa Grand Prairie kwa miaka kumi na mmoja sasa. Nina miaka arobaini na mmoja na ninacheza futiboli ya Wamarekani, ile ya mpira wenye ncha mbili. Yetu haina kuangushana. Kila mchezaji anafunga mkanda kiunoni wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia, na ukinyofolewa kitambaa ukiwa na mpira, umekamatwa. Unapata majaribio manne kufika katikati ya uwanja, mengine manne kufika mwisho. Ukifika mwisho, pointi sita. Hiyo inatosha kuelewa yote yaliyonipata.

Timu yetu ni wanawake wa Afrika Mashariki wa huku Dallas na Fort Worth. Manesi ndio wengi. Mara moja kwa mwaka tunacheza na wenzetu wa Houston, ambao karibu wote wanakaa Pearland na kufanya kazi kwenye zile hospitali kubwa za mjini. Mimi ndiye mrushaji wetu. Kila jaribio linaanzia mikononi mwangu, na mimi ndiye ninayeamua mpira uende kwa nani.

Tatizo letu na Pearland halikuwa kasi wala nguvu. Lilikuwa wale watatu wanaosimama nyuma kabisa kulinda pasi ndefu. Wawili wa pembeni walicheza handiboli shuleni, warefu wote wawili, mikono kama ya kuvunia mapapai. Wa katikati ni mfupi kuliko wote uwanjani, na ndiye hatari zaidi.

Wa katikati ni mdogo wangu, Wakio.

Mwaka jana nilirusha pasi ndefu tano. Tatu walizidaka wao, na mbili kati ya hizo tatu alizidaka Wakio. Moja alikimbia nayo uwanja mzima hadi mwisho wa upande wetu huku watoto wake wakimshangilia kwa Kiingereza. Baadaye nilicheka na kila mtu, nikapiga picha, nikala. Kisha sikumpigia simu mdogo wangu kwa wiki mbili. Alipopiga yeye nilituma ujumbe kwamba nina shifti.

Sikuwa na shifti zote hizo.

Sijawahi kuliandika hilo mahali. Sasa nimeliandika.

Mwaka huu kocha wetu, Oduor, aliamua mambo yabadilike. Oduor ni dereva wa lori. Anasema mchezo huu alijifunza redioni, barabarani, akisikiliza watangazaji wakibishana kutoka Dallas hadi Phoenix, na ndiyo maana anaueleza kama mtu anayemwelekeza kipofu njia. Alhamisi ya wiki iliyopita, baada ya mazoezi bustanini, alituketisha kwenye nyasi akatuonyesha video ya mwaka jana kwenye tableti yake.

Alikuwa ameikata vipande. Pasi zangu zile tatu, moja baada ya nyingine.

Alituambia tusiutazame mpira, tumtazame Wakio. Tukamtazama. Mlinzi wa kawaida anamfuata kwa macho yule anayekimbia kupokea pasi. Wakio hakumtazama mpokeaji hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi. Na mara zote tatu alianza kukimbia kabla mpira haujatoka mkononi mwangu.

Oduor akairudisha nyuma polepole, akaisimamisha. Pale nilikuwa nimevuta pumzi, bega la kushoto limepanda juu karibu na sikio. Akaonyesha ya pili. Bega. Ya tatu. Bega.

Nilielewa papo hapo, na nilitamani nisingeelewa. Nyumbani kwetu Taita, mahindi yakianza kukomaa, mimi na Wakio ndio tuliokuwa tukilinda shamba dhidi ya nyani. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, yeye saba. Mimi nilirusha mawe, yeye alisimama kando akitazama yanaangukia wapi, halafu alikimbia kuyaokota aniletee tena. Msimu mzima, kila siku baada ya shule. Mtu aliyeniokotea mawe hivyo hahitaji kuuona mpira.

Uamuzi wa Oduor ulikuwa mfupi. Hatutarusha tena juu ya wale watatu. Nyokabi, ambaye ana miaka ishirini na sita na anakimbia kama ametumwa na moto, ataendelea kukimbilia mbali kama kawaida, lakini kazi yake sasa ni kuwavuta walinzi waende naye huko. Mpira utakwenda karibu, hatua tano, kwa Bi Rukia. Hatua tano, tena tano, tena nne, hadi wale watatu wachoke kukaa mbali na waanze kusogea. Hapo ndipo nitakapomkabidhi Nyokabi mpira mkononi azunguke pembeni akimbie.

Upande wa ulinzi wetu nao alibadilisha. Alisema hivi: ulinzi wao ni mkali, kwa hiyo sisi hatutapata pointi nyingi, na asiyepata nyingi hana ruhusa ya kugawa za bure. Kila mtu akae kwenye kipande chake cha uwanja, asimfukuze mtu. Isipokuwa Nyokabi, ambaye tulizoea kumweka nyuma. Huyo asimame mbele na kila jaribio amkimbilie mrushaji wao moja kwa moja, asipate hata muda wa kufikiri.

Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikasirika.

Wacha niseme ukweli. Napenda pasi ndefu. Siku nzima kazini nashughulika na mirija na sindano na mashine inayohesabu matone, vitu vya taratibu, vya karibu. Jumamosi nikiushika ule mpira na kuutupa yadi thelathini angani, nahisi mwili wangu ni wangu. Na sasa mtu ananiambia niurushe hatua tano, kwa mama wa miaka hamsini na mbili. Nilimwambia Oduor kwamba kama anataka mtu wa kugawa mpira kama anagawa sahani za harusini, amtafute mwingine. Nilisema mbele ya wote.

Oduor alifunga kifuniko cha tableti yake, akasema tutaonana Jumanne.

Bi Rukia ni mtu wa Mombasa, anaendesha basi la shule hapa Grand Prairie, na siku za mazoezi ni mimi ninayemrudisha nyumbani kwa sababu gari lao linakuwa na mumewe. Ana mwendo wa taratibu, lakini sijawahi kumwona akidondosha kitu, iwe mpira, sufuria au neno la mtu. Jioni ile niliegesha mbele ya nyumba yake, naye hakuteremka mara moja. Nilidhani anatafuta mkoba. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kunieleza.

"Mshai mwanangu," akasema, "mwaka wa tatu huu nasimama pale hatua tano mbele yako, mikono wazi. Hujapata kuniona."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba taa za gari lako zinawaka. Akanishukuru kwa lifti, akateremka.

Nilikaa pale na injini ikinguruma. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipompa mpira kwenye mechi. Sikuipata.

Jumanne nilikwenda mazoezini mapema, nikamwomba Oduor radhi. Alisema sawa, akanipa mpira. Wiki nzima hatukufanya kingine: hatua tano, Bi Rukia. Hatua tano, Bi Rukia. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Pasi fupi haikupi muda wa kujipamba. Lazima mpira ufike kifuani mwake wakati anageuka. Ukiwahi unampiga mgongoni, ukichelewa mlinzi ameshafika.

Jana tuliondoka saa kumi alfajiri. Magari matatu, barabara kuu moja kwa moja kuelekea kusini, chai kwenye chupa, mahamri ya Bi Rukia kwenye bakuli lenye mfuniko. Tulisimama mara moja tu kujaza mafuta na kunyoosha miguu. Saa tatu tulikuwa Pearland, na hewa ya huko ilitupokea kama taulo iliyotolewa kwenye maji moto.

Wakio alinikumbatia uwanjani, akaniuliza habari za watoto. Alikuwa amekwisha kujifunga mkanda wake. Tulisema maneno yote yanayosemwa, na wote wawili tuliangalia pembeni kidogo.

Sasa ungamo la pili. Jaribio la kwanza kabisa la mechi, mpango ulikuwa Bi Rukia. Niliupokea mpira, nikainua macho, nikamwona Nyokabi amemwacha mlinzi wake hatua mbili nzima. Hatua mbili. Mkono wangu uliamua bila kuniuliza.

Wakio alitokea katikati kama mtu aliyepewa miadi. Aliudaka kifuani, akageuka, na hakuna aliyegusa kitambaa chake hadi mwisho.

Sita kwa bila, na hata jasho lilikuwa halijanitoka.

Nilitoka uwanjani nikiwa sitaki kumwangalia mtu. Oduor alinipa chupa ya maji. Nilingojea anifokee, kwa kweli nilitamani anifokee.

"Hiyo ilikuwa yako," akasema. "Zilizobaki ni zetu."

Tuliporudi na mpira nilimtazama Bi Rukia machoni kabla ya kila kitu kingine. Hatua tano. Akadaka, akageuka, akapiga hatua mbili, kitambaa kikanyofolewa. Mashabiki wa Pearland walicheka kidogo, kwa upole. Jaribio la pili, vilevile. La tatu, vilevile, na tayari tulikuwa katikati ya uwanja na majaribio mapya manne. Nyokabi aliendelea kukimbilia mbali kila mara, mikono juu, akiita mpira ambao alijua hauji, na kila mara walinzi wawili walikimbia naye kwenda na kurudi chini ya jua lile.

Mara ya sita au ya saba hakuna aliyecheka. Niliwaona wale warefu wawili wakisogea mbele hatua moja. Kisha nyingine. Wakawa karibu vya kutosha. Nikamkabidhi Nyokabi mpira mkononi. Alizunguka upande wa kulia, na nyuma hakukuwa na mtu. Aliingia mwisho akitembea.

Sita kwa sita mapumzikoni. Ulinzi wetu nao ulishika. Kila mtu kwenye kipande chake, na Nyokabi akimvamia mrushaji wao hadi yule dada akaanza kuutupa mpira popote ili tu autoe mikononi. Wakati wa mapumziko Nyokabi alilala kifudifudi kwenye nyasi, akasema kwa sauti ya kufa kwamba yuko sawa, tumwache tu pale. Bi Rukia alikuwa akimenya chungwa.

Kipindi cha pili Pearland nao walijifunza. Wakio aliacha nafasi yake ya nyuma akaja kusimama mbele ya Bi Rukia mwenyewe. Hapo mpango wetu ukakwama. Nilijaribu kushoto, kulia, nikamkabidhi Nyokabi, wakamkamata. Sisi hatusogei, wao hawasogei. Muda unakwisha.

Zilibaki kama dakika tatu. Jaribio la nne, hatua kumi na tano kutoka mwisho wao. Bi Rukia alisimama mahali pake, na Wakio mbele yake akinitazama kama alivyonitazama maisha yake yote.

Sikupanga nilichofanya. Oduor anaamini nilipanga, na nimemwacha aamini. Nilivuta pumzi, nikainua bega la kushoto, na nikalisimamisha pale juu.

Wakio aligeuka, akakimbia nyuma. Hakufikiri. Mwili wake ulikwenda kuokota jiwe.

Bega likashuka. Nilimpa Bi Rukia mpira kifuani, na mbele yake hakukuwa na mtu isipokuwa nyasi. Sijui niseme alikimbia. Alikwenda. Alikwenda kwa hatua za mtu anayejua basi haliwezi kuondoka bila yeye, hijabu ameichomeka vizuri ndani ya jezi, mpira ameukumbatia kwa mikono miwili. Wakio alikuwa anarudi kwa kasi na kwa sekunde nzima nilidhani atamfikia. Vidole vyake vilipita karibu na kitambaa. Bi Rukia alikuwa ameshavuka mstari.

Kumi na mbili kwa sita. Walipata zamu moja ya mwisho. Nyokabi, yule maiti wa mapumzikoni, alimfikia mrushaji wao kabla hajainua mkono, pasi ikatoka imepinda, ikaanguka chini. Refa akapiga filimbi.

Nililia kidogo. Wengine waliniambia ni jasho, na niliwakubalia.

Tulikula kwa Wakio. Shemeji alikuwa amepika pilau ya kutosha kata nzima, nyumba ilijaa, watoto wakipanda na kushuka ngazi. Baada ya kula niliingia jikoni kuosha vyombo, na mdogo wangu akaja na kitambaa cha kukaushia. Tulifanya kazi pamoja, kama zamani. Kisha akasema, "Bega."

Nikacheka. Aliniuliza kama nilikuwa nimepanga, nikamwambia hapana, lilikuja tu. Alikausha sahani tatu hivi.

"Mwaka jana, dada," akasema. "Zile wiki mbili. Nilikupigia mara tatu."

Neno shifti lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Nikalimeza.

"Nilikuwa nimenuna," nikasema.

"Kwa sababu ya mpira?"

"Kwa sababu unanijua."

Alisimama na sahani mkononi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Ni katika wiki hizo ndipo alipopewa kuwa mkuu wa manesi wa chumba chao cha upasuaji. Alikuwa anapiga ili mimi nisikie kwanza, kabla ya mama. Niliposikia kutoka kwa mama, mwezi ulikuwa umepita, na nakumbuka vizuri nilichofikiri. Nilifikiri amenificha. Nilinuna na hilo pia.

Yeye hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshusha mfuko mzito, sasa ananyoosha vidole.

Nilikausha mikono, nikavuta kiti, nikamwambia anieleze sasa, kuanzia siku aliyoitwa ofisini, na asiruke kitu. Alinieleza. Alivyovaa. Alivyodhani ameitwa kwa kosa. Alivyokwenda kukaa ndani ya gari kwenye ghorofa ya nne ya maegesho na kupiga kelele peke yake madirisha yakiwa yamefungwa. Tulicheka hadi shemeji akachungulia. Vyombo vilimaliziwa na watu wengine.

Njia nzima ya kurudi Bi Rukia alilala kiti cha mbele, mdomo wazi kidogo. Nyokabi nyuma alikuwa akimsimulia rafiki yake kwenye simu mechi nzima, na kwenye masimulizi yake hatua kumi na tano zilikuwa zimefika thelathini. Sikumsahihisha.

Leo baada ya ibada nilimpigia Wakio. Alishtuka, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema anakaanga samaki, nisubiri aweke simu kwenye spika. Tuliongea muda wa samaki wanne. Mpira haukutajwa, isipokuwa mwishoni, aliponiarifu kwa adabu zote kwamba mwakani hatageuka.

Najua hatageuka. Oduor naye anajua. Ameshatuma ujumbe kwenye kundi letu kwamba Alhamisi tunaanza kitu kipya na kila mtu aje na daftari. Nimejibu kwamba nitakuja.

Lakini Alhamisi iko mbali. Kesho saa kumi na moja alfajiri wagonjwa wangu wananisubiri, na mmoja wao, mzee Mmarekani ambaye huutazama mchezo huu kila wiki, aliniahidi kwamba tukishindwa tena hataniuliza kitu.

Natumaini ataniuliza. Nitakwenda mapema, endapo miguu itakubali ngazi.